Komeo la Ndani

Siku ya kwanza ndugu yangu Musembi
alisimama mbele ya mlango wa choo,
mikono nyuma, kidevu kifuani,
hadi Kanini, wa miaka sita, akamwuliza,
"Mjomba, unangoja nani?"
Nikatoka jikoni na mwiko mkononi,
nikausukuma mlango kwa kiwiko,
nikajifanya napita tu.

Miaka tisa ya Kamiti haivuliwi kama shati.
Mimi nilipanga hivi: Jumanne nimchukue langoni,
nimpashie maji ya kuoga,
nimvishe suruali ya Gikomba,
na ifikapo Ijumaa atakuwa yule
aliyenishikia baiskeli kwenye vumbi la Masinga
akaniachilia bila kuniambia.

Anakula upesi, mkono wa kushoto
umeizingira sahani.
Tonge la mwisho hulitia mfukoni.
Huwa nayakuta nikifua, yamekauka kama kokoto,
nayakung'uta dirishani,
kuku wa Mama Wamaitha wanafaidi.

Taa ikizimwa, huamka. Basi taa huwaka,
na tokeni za stima huisha kabla ya mwezi kufika kati.
Alfajiri saa kumi na moja
blanketi limekunjwa pembe kwa pembe,
naye amechuchumaa kando yake
akingoja kuhesabiwa.

Tulipokwenda kuomba cheti cha tabia njema
walitaka alama za vidole.
Aliviviringisha kwenye wino kwa ustadi,
kimoja baada ya kingine, bila kuelekezwa.
Karani akamtazama, kisha akanitazama mimi.
Mimi nikatazama kalenda ukutani.

Majirani walipouliza, nilisema
alikuwa Kongo, dereva wa lori.
Njia ya mwongo ni fupi:
wangu ulifika ghorofa ya pili, ukachoka.

Na kuna hili, ambalo ningependa kuliruka.
Nilikuwa nahesabu pesa za kodi chini ya godoro
kila nikitoka bafuni, kila nikirudi dukani,
elfu moja, elfu mbili, mbili na mia tano,
midomo ikicheza.
Usiku mmoja akasema kutoka kwenye kochi,
bila kugeuka, kwa sauti ya chini,
"Hesabu imetimia, afande?"

Kulipokucha nilikwenda kwa fundi pale Masimba,
akanichongea ufunguo, shilingi mia na hamsini,
ungali na joto la tupa nilipomtilia kiganjani.
Akaugeuzageuza. Akaunusa.
"Na nikiupoteza?"
"Tutachonga mwingine."
Hakuna aliyelia. Kanini alitaka tu kujua
kwa nini yeye hana wake.

Jana nilichelewa kiwandani. Mvua, viatu vimelowa,
Kayole nzima haina stima,
na mlango umefungwa kwa komeo la ndani.
Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena.
"Nani?"
Nikataja jina langu.
"Na nani mwingine?"
"Mimi peke yangu."
Nikasimama gizani nikimsikiliza
akishindana na komeo lile kaidi
linalotaka kwanza kuinuliwa kidogo.
Nilitaka kumwelekeza. Nikauma ulimi.
Ndipo nikagundua mikono yangu
iko nyuma.

Likafunguka.

Ndani kulinukia maharagwe. Alikuwa amepika
kwa ile sufuria kubwa ya chama,
mshumaa juu ya kabati,
maharagwe ya kulisha watu arobaini,
maana kipimo kingine mkono wake bado haujakikumbuka.
"Yatabaki," akasema, ameinamisha kichwa.

Nikampa Kanini bakuli, kisha jingine,
apite mlango kwa mlango, ghorofa zote,
na akiulizwa nani amepika, aseme
ni mjomba wangu Musembi,
ametoka Kamiti,
na leteni bakuli likiisha, yapo mengine.